Laki sita yenye makato au laki nne na nusu taslimu?
Umemaliza digrii ya historia, uko Dar, ofa ni mbili. Shule binafsi inatoa 600,000 kwa mkataba. Ofisi ya matangazo inatoa 450,000 mkononi, mkataba, "tutaongea".

Ya shule ipigie hesabu: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 60,000, PAYE (kodi ya mshahara) 24,000, na kama ulisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara, yaani 90,000. Unabaki na 426,000. Ya pili inaonekana nono, sivyo? Ila mwajiri wa shule anakuwekea 60,000 nyingine NSSF, na deni la Bodi linapungua kila mwezi. Kule kwa "tutaongea", deni linakusubiri palepale.

Ningechukua shule. Labda iwe Kibaha nami nalala Mbagala. Hapo nauli ingenikimbiza.