Tahadhari kwa wanaokwenda Bangkok: ukiambiwa "Grand Palace leo pamefungwa", usipande hiyo bajaji

Ndugu zangu mnaofuata mzigo kwenye soko la nguo la Pratunam, mnaosindikiza wagonjwa hospitali za Bangkok, na nyie mnaokwenda kutembea tu: mtu yeyote atakayekusimamisha nje ya kasri la wafalme, Grand Palace, akakwambia leo pamefungwa, safari yake na wewe inaishia kwenye duka la vito. Hatalitaja duka hilo mapema. Atatanguliza maneno mengine mengi matamu, ndiyo maana naeleza kwa kirefu. Utapeli huu ni wa miaka mingi, watu wa mataifa yote wamelizwa nao, ila kwetu bado watu wanaondoka Dar au Nairobi hawajawahi kuusikia.

Kasri lina ukuta wa karibu mita 1,900 kulizunguka na malango kadhaa. Watalii wanaingilia upande wa kaskazini, Barabara ya Na Phra Lan. Teksi ikikushusha upande mwingine, utakuta lango limefungwa kweli, na hapo hapo ndipo jamaa anapokusubiri. Usitegemee kumwona kijana wa ndala anayekuvuta mkono. Huyu ni mtu mzima, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, Kiingereza chake kizuri, na wala hana kitu anachouza. Anakuuliza unatoka wapi. Ukisema Tanzania anakutajia Kilimanjaro, ukisema Kenya anakutajia wakimbiaji. Halafu anasikitika kwa niaba yako: asubuhi hii kuna ibada ya watawa, wageni wataruhusiwa saa saba mchana. Siku nyingine ni "sikukuu ya Buddha". Sasa kwa nini upoteze muda? Anaomba ramani yako, anazungushia kalamu hapa na pale: sanamu ya Buddha mkubwa aliyesimama, Buddha wa bahati, halafu "kituo cha serikali" chenye punguzo linaloishia leo. Bajaji ipo palepale, kwa bahati nzuri. Mzunguko wote baht 20.

Baht 20 ni chini ya shilingi elfu mbili za Tanzania. Nani wa Kariakoo atakuzungusha nusu siku kwa hela hiyo, tena akusubiri kila unaposhuka? Dereva analipwa na duka: kuponi ya mafuta kwa kukufikisha tu mlangoni, na kamisheni ukinunua. Ndiyo maana ukimwambia hutaki duka, anakununia au anakuacha njiani.

Kinachowalegeza watu kabisa ni pale mnaposimama katikati ya mzunguko, kabla ya dukani. Unafikishwa hekalu dogo, kimya, hakuna watalii, unajisikia umeiona Bangkok ambayo wengine hawaijui. Ndani kuna mtu amekaa peke yake. Anaweza kuwa Mthai aliyevaa vizuri anayesema ni mwanasheria, anaweza kuwa Mzungu wa makamo. Mnaongea mambo ya kawaida, na yeye bila kuulizwa anataja kwamba kila mwaka hununua vito vya safaya kwenye kile "kituo cha serikali", akirudi kwao anauza mara mbili ya bei, ndiyo inamlipia likizo. Hakusihi ununue. Anakuaga na kuondoka. Kufikia hapo watu watatu wasiojuana wamekwambia jambo lilelile, na akili ya binadamu inaamini. Kumbe mwenye kitambulisho, dereva na huyu wa hekaluni wote ni timu moja.

Mama mmoja tuliyefikia naye hoteli moja, mfanyabiashara mzoefu, mtu wa kukubana bei ya dazeni hadi utoke jasho, alirudi jioni na risiti ya zaidi ya baht elfu arobaini na hana jiwe hata moja mkononi. Nikamuuliza, mama, mawe yako wapi? Duka limemshauri liyatume kwa posta hadi nyumbani, eti asisumbuliwe na forodha. Sababu halisi ni kwamba usipokuwa na jiwe mkononi huwezi kulipeleka kwa mtu mwingine kulipima ukiwa bado Bangkok. Kifurushi huwa kinafika kweli, na ndani mna mawe kweli: safaya hafifu za mawingumawingu, au za kutengenezwa maabara, zilizouzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya thamani yake. Kisheria hapo ndipo panapokuwa pagumu, maana hujaibiwa, umeuziwa ghali.

Kwetu sisi jambo hili linachekesha kwa uchungu. Bangkok ni soko kubwa halali la vito vya rangi, hilo halina ubishi. Lakini mawe yanayokatwa na kuchomwa kule ili rangi ikolee yanatoka wapi? Safaya za Tunduru na Umba, spino za Mahenge, rubi za Montepuez kule Msumbiji, safaya za Madagaska. Kununua safaya kwa rejareja Bangkok ukauze Arusha ni sawa na kununua samaki Dodoma ukawauze soko la samaki la Feri, Dar. Dalali wa Arusha atalitazama jiwe lako mara moja tu na kukurudishia bila kutaja bei. Ukitaka kweli kununua vito ukiwa Thailand, nunua kwa sharti la kupima kwanza: taasisi ya serikali yao ya vito, GIT, ina maabara Barabara ya Silom na inatoa cheti. Muuzaji akikataa sharti hilo, toka. Halafu serikali ya Thailand haina duka la kuuzia watalii mawe kwa punguzo la siku moja. Halipo. Yeyote anayelitaja anadanganya.

Na huu mchezo wa "pamefungwa" si wa Thailand peke yake. Kituo cha treni cha New Delhi, India, ofisi ya tiketi za wageni iko ndani ya jengo, ghorofa ya kwanza upande wa Paharganj. Nje utaambiwa imeungua, imehama, leo hawafungui, na utapelekwa kwa wakala mwenye kibao cha "watalii" akuuzie tiketi kwa bei ya kuruka. Istanbul wana yao: mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yako kama hakujua, ukimwokotea anashukuru sana, anakuketisha akung'arishie kiatu kama asante, mwishoni inakuja bei. Nasi tusijifanye watakatifu. Mgeni akishuka karibu na bandari ya Dar akitafuta boti ya Unguja, papasi wanamwambia boti imejaa kabla hajafika dirishani.

Kufungwa kweli kupo. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, kasri la Topkapı hufungwa Jumanne. Grand Palace hufunguliwa kila siku, saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, isipokuwa nadra kunapokuwa na shughuli za kifalme, na siku hizo hutangazwa kwenye tovuti yao wenyewe. Isome ukiwa bado hotelini. Ukiwa barabarani, msikilize mtu wa dirisha la tiketi tu.

Kufika kwenyewe ni rahisi na hakuhitaji bajaji ya mtu. Ukiwa Pratunam, panda boti ya mfereji wa Saen Saep hadi mwisho, Phan Fa Leelat, halafu malizia kwa teksi fupi ya mita. Ukiwa karibu na BTS, treni ya juu, shuka Saphan Taksin, panda boti yenye bendera ya rangi ya machungwa kwenye mto Chao Phraya hadi Tha Chang, kisha utembee kidogo. Treni ya chini ya ardhi nayo tangu 2019 ina kituo cha Sanam Chai, karibu na hekalu la Wat Pho. Kiingilio kwa wageni ni baht 500. Ni hela nyingi, ila panastahili, na nendeni mapema kwa sababu ifikapo saa tano jua na umati havivumiliki. Mabega na magoti yafunikwe. Kwa akina dada dera lenye mikono linatosha na hewa inapita. Mkiwa ndani mtamwona Buddha wa Zumaridi, sanamu yenye urefu wa sentimita 66 hivi, amekaa juu kabisa, na mavazi yake hubadilishwa mara tatu kwa mwaka na mfalme. Jiwe lake lenyewe si zumaridi, ni jiwe jingine la kijani. Yeye angalau hauzwi.

Kama umeshalipa, usilale nalo. Piga 1155, polisi wa watalii, wanapokea kwa Kiingereza saa zote. Rudi dukani na risiti siku hiyohiyo, ukiwa na polisi hao, udai kurudishiwa. Duka likisema litarudisha sehemu tu, bishana mbele ya polisi kabla ya kukubali. Ulilipa kwa kadi? Pigia benki yako kabla hujatoka hotelini. Mzigo ukiwa umeshapelekwa posta, mwambie askari mwanzoni kabisa, kwa sababu kifurushi ambacho hakijaondoka bado kinaweza kuzuiwa. Mama yule alifanya hivyo kesho yake asubuhi, akarudishiwa sehemu kubwa, na dukani wakamnunia kana kwamba yeye ndiye aliyewaibia.