Ngalawa moja, hali nne: siku tatu za kuchapa shaba Bagamoyo

Nilijiunga na mafunzo ya siku tatu ya kuchapa picha kwa bamba la shaba, kwenye karakana moja ndogo Mji Mkongwe, Bagamoyo. Ada shilingi 150,000, chai na chapati ndani, mchana kila mtu na mfuko wake. Nimechora kwa penseli miaka mingi, nikadhani naenda kuongeza ujuzi kidogo tu.

Unapewa kipande cha shaba kama kiganja, kingo zimepigwa tupa zisichane karatasi. Unakipaka nta nyembamba, unachora kwa sindano. Inapopita, shaba inabaki wazi. Kisha kinaingia kwenye dawa, kloridi ya chuma, nyeusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Dawa inakula palipo wazi tu. Mama mmoja tuliyekuwa naye akasema, "Kumbe ni kama hina!" Ukiosha mapema inatoka hafifu, ukilala nayo inakolea. Fundi alicheka, lakini mpaka tunaondoka alikuwa akitumia mfano huo huo. Mistari ya mawingu tuliifunika kwa vanishi mapema. Ya ngalawa ikarudi kwenye dawa.

Kuchapa kwenyewe ni jasho. Unapaka wino bamba zima, unafuta kwa chachi mpaka ubaki ndani ya mifereji, unaweka karatasi iliyoloweshwa, blanketi za sufu juu, unazungusha gurudumu la mashine. Niliibandua ya kwanza nikabaki kucheka. Nilichora ufukwe nikitazama kaskazini, bahari kulia. Kwenye karatasi bahari imehamia kushoto, kule yaliko majumba. Hili wangetuambia kabla, maana dada mmoja alichora jina la bintiye, likatoka kinyumenyume.

Chapa ya kwanza si mwisho. Unaitazama, unaongeza mistari, dawa tena, unachapa tena. Kila bamba likibadilika, chapa zake zinaitwa hali mpya. Zangu zilifika nne. Ya kwanza, ngalawa, ufukwe na mawingu hafifu. Ya pili, mistari ya maji na kivuli chini ya mirengu. Ya tatu nikazidisha anga mpaka likawa zito kama la masika. Ya nne ni kuliokoa anga hilo: unakwangua shaba, unaisugua kwa chuma chenye uso laini, mkono unauma, na bado mstari wa zamani unabaki kama kovu.

Fundi alituonyesha kwenye simu kazi za Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17. Bamba lake la Misalaba Mitatu, Yesu akisulubiwa, ni la 1653. Hali za mwanzo umati unaonekana, mwanga unashuka katikati. Baadaye akalikwangua, akachora mistari mizito, watu wengine wakapotea, mpanda farasi akaingia, giza likatanda. Shaba ni ile ile. Tulibishana ipi bora mpaka chai ikapoa. Mimi naichukua yenye giza. Na bamba hilo halikupitia dawa, ni sindano kavu, yaani sindano inachimba shaba yenyewe: shaba inayotifuka kando ya mstari inashika wino mweusi kama mahameli, lakini mashine inaiponda, kwa hiyo chapa za mwanzo ndizo tamu. Bamba lake jingine, lile liitwalo la gilda mia (gilda ni pesa ya zamani ya Uholanzi), liliangukia mikononi mwa mchapaji mmoja, William Baillie, karne ya 18. Akalichora upya, kisha akalikata vipande vinne. Moyo wangu ulishtuka.

Sasa lawama. Hali ya pili ndiyo niliyoipenda, na niliichapa mara moja tu. Niliianika kambani na za wenzangu. Siku ya tatu, mchana, siioni: msaidizi ameifutia wino akidhani ni ya kutupa. Nikaomba tuchape nyingine. Fundi akanitazama kwa huruma: "Tuichapie wapi, kaka? Bamba lako limeshafika ya nne."

Waliomba radhi, wakanipa karatasi tatu za ziada. Nikachapa ya nne mara sita, nikaandika 1/6 (ya kwanza kati ya sita) mpaka 6/6 kwa penseli.

Nawapa nyota nne. Nyingine moja ilifutiwa wino. Ukienda, vaa nguo usiyoijali, beba glavu zako (zao zilikuwa jozi mbili kwa watu watano), chapa angalau mbili kwa kila hali, na jioni ondoka nazo. Mimi narudi Desemba. Mchoro uko tayari, ufukwe ule ule, ila safari hii bahari nimeiweka kushoto.