Albamu tatu za Australia nilizozilipia, na moja niliyoiacha

Nianze na hii iliyonisukuma kuandika. Now Would Be a Good Time ni albamu ya kwanza ya Folk Bitch Trio, vijana watatu wa Melbourne, na ilitoka Julai 2025 kupitia lebo ya Jagjaguwar ya Marekani. Jina la kundi ni kali, muziki wenyewe ni mpole. Gracie Sinclair, Jeanie Pilkington na Heide Peverelle walifahamiana tangu wakiwa sekondari, na hilo linasikika: wanavuta pumzi pamoja, wanaachia neno pamoja, na hakuna anayemkimbia mwenzake.

Nimekulia kwenye kwaya, kwa hiyo wimbo wowote wenye sauti tatu nausikiliza kuanzia chini. Kwenye kwaya zetu nyingi sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, nyingine zinaipokea. Hawa watatu wanapokezana. Aliyeongoza ubeti anaweza kushuka chini kabisa kwenye kiitikio, na yule aliyekuwa akivuma taratibu nyuma akapanda juu yake, nawe usijue wamebadilishana saa ngapi. Magitaa ni machache. Dramu zikiingia, zinaingia kwa adabu. Nafasi yote iliyobaki wameiachia sauti zao.

Walirekodi Auckland, Nyuzilandi, wakiwa na prodyuza Tom Healy, na walirekodi kwenye tepu. Kwa msikilizaji hilo si jambo dogo. Tepu haikupi urahisi wa kompyuta, wa kukata silabi iliyoyumba na kubandika nyingine, au kuinyoosha sauti mpaka iwe kama shati lililopigwa pasi. Ndiyo maana hapa unasikia pumzi, na kuna mahali sauti mbili zinakaribiana sana hadi zinatetemeshana. Nimechoka na nyimbo ambazo kila mwimbaji anasikika kama mwimbaji mwingine. Kwenye albamu hii, kufikia wimbo wa tatu tayari nilikuwa nawatambua watatu hawa mmoja mmoja.

Wimbo ninaourudia zaidi ni Cathode Ray. Unaanza kwa kunyata, unakaa chini kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia, na zile sauti tatu zinapofunguka ndipo unaelewa walikuwa wanakuzuia kwa nini. God's a Different Sword, unaofungua albamu, ndio wa kumwekea mtu ambaye hajawahi kuwasikia. Katikati wameweka I'll Find a Way (To Carry It All), wimbo wa Ted Lucas wa Detroit uliotoka mwaka 1975, na wameuimba bila kuupamba, kama watu wanaoupenda na hawataki kuuharibu. Nyimbo zao wenyewe ni za mapenzi ya umri wa miaka ishirini na kitu: kuachwa, vyumba vya hoteli, kumkumbuka mtu ambaye hukupaswa kumkumbuka. Maneno yanasemwa wazi, mengine wazi kupita kiasi kwa kusikiliza sebuleni wazee wakiwapo.

Kasoro ipo. Nyimbo ni 10, na kuanzia ya sita hivi mwendo unafanana mno. Ukiisikiliza huku unapika, nyimbo mbili tatu zitapita bila kukugusa. Hii ni albamu ya hedifoni na taa iliyozimwa. Ukiwapa muda huo, wanakulipa.

Nieleze pia ninavyoyafikia haya, maana redio za huku haziyapigi. Njia yangu kubwa ni triple j, redio ya vijana ya shirika la utangazaji la taifa la Australia, ABC. Ilianza Sydney Januari 1975, na mwaka 1995 ikaanzisha mpango unaoitwa Unearthed wa kutafuta wanamuziki nje ya miji mikubwa. Mshindi wa kwanza alikuwa bendi ya Grinspoon ya Lismore. Siku hizi Unearthed ni tovuti. Msanii yeyote wa huko anapakia nyimbo zake bila kulipa, wasikilizaji wanatoa nyota na maoni, na watangazaji wa kituo nao wanaandika yao hapo hapo mbele ya watu wote. Napenda hilo. Mtangazaji akisema wimbo ni mzuri, jina lake liko chini ya maneno yake, na wiki ijayo unaweza kusikia kama kweli ameupiga. Tofauti ya saa nayo inanifaa: vipindi vyao vya alfajiri huko Sydney vinanikuta usiku saa nne au saa tano kwa saa za Afrika Mashariki, nyumba imetulia. Usumbufu ni mmoja: vitu ni vingi mno. Kuna usiku unachimba nyimbo ishirini usipate hata moja ya kuhifadhi.

Niliyoiacha ni hickey ya Royel Otis, iliyotoka Agosti 2025. Najua inapendwa. Hawa ni wawili wa Sydney, Royel Maddell na Otis Pavlovic, na albamu yao ya kwanza, Pratts & Pain ya 2024, waliyoifanya London na prodyuza Dan Carey, iliwasaidia kubeba tuzo 4 za ARIA, zile za chama cha kampuni za kurekodi muziki za Australia, mwaka huo. Ile niliipenda kwa sababu ilikuwa na mikwaruzo. Hii mpya imesafishwa. Gitaa linalia vizuri, viitikio vinanata, lakini nyimbo zinamalizika na sibaki na kitu. Nimeisikiliza bure mtandaoni na ikaishia hapo.

Sasa saikedeliki, muziki ule wa mwangwi na magitaa yanayozunguka kichwa, uliozaliwa katikati ya miaka ya 1960 Marekani na Uingereza. Australia imeugeuza kuwa wake. Wengi wanaijua Tame Impala ya Kevin Parker kutoka Perth. Wengine wanawajua King Gizzard & the Lizard Wizard wa Melbourne, ambao mwaka 2017 pekee walitoa albamu 5, na moja kati ya hizo, Polygondwanaland, wakaitoa bure na kumruhusu mtu yeyote duniani kuchapisha santuri zake. Nyuma ya majina hayo makubwa kuna msururu wa bendi changa, na ninayowaletea leo ni Bananagun.

Bananagun ni kundi la Nick van Bakel, na walianza kusikika mbali kwa albamu ya 2020, The True Story of Bananagun. Van Bakel hajawahi kuficha deni lake kwa Fela Kuti wa Nigeria na muziki wake wa afrobeat. Albamu yao ya pili, Why is the Colour of the Sky?, ilitoka Novemba 2024, na ndiyo niliyonunua. Hapa mdundo ndio mwenye nyumba. Gitaa na filimbi vinakuja kama wageni, vinakaa, vinaondoka, dramu zinaendelea. Imeelekea kwenye jazi kuliko ile ya kwanza, na inanipendeza zaidi, maana wanajipa muda wa kuzunguka wazo moja bila haraka. Anayetoka kwenye muziki wa dansi, aliyezoea wimbo ambao sehemu yake tamu inakuja baada ya maneno kuisha, hatapata shida kabisa kuingia humu.

Ninachowalaumu ni sauti ya uimbaji. Imewekwa nyuma, imefunikwa na mwangwi, na mara nyingi sikushika wanasema nini. Najua ndiyo desturi ya aina hii. Lakini Fela, ambaye wamemsoma, alikuwa akisimama mbele na kukwambia jambo usoni.

Kwa sisi wa upande huu muziki wa namna hii si mgeni kama watu wanavyodhani. Majirani zetu Zambia walikuwa nao miaka ya 1970 wakauita Zamrock, na bendi ya WITCH ndiyo iliyokuwa kinara. Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia aliyejenga jina lake Australia, aliwashirikisha WITCH kwenye albamu yake As Above, So Below ya 2022. Kwa hiyo ukiwapenda Bananagun, tafuta na WITCH wa zamani. Wao hawakuwa na vifaa vya maana, na moto waliouwasha bado unachoma.

Folk Bitch Trio na Bananagun nilinunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa kadi ya mtandaoni. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili za muziki, na siku wanazoziita Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, huacha fungu lao ili fedha imfikie msanii na lebo yake. Ukinunua, faili ni lako: unapakua MP3 au FLAC, na bando likiisha muziki unabaki. FLAC, isiyopunguza ubora wa sauti, ni nzito, ipakue mahali penye Wi-Fi. Kwa Folk Bitch Trio ninasisitiza FLAC, kwa zile pumzi nilizozisema.

Albamu ya tatu niliyoilipia ni ya King Stingray, na nimewaweka mwisho kwa sababu wao wanahitaji nafasi.

Hawa wanatoka kaskazini mashariki mwa Arnhem Land, eneo la kaskazini mwa Australia, kwenye nchi ya watu wa Yolŋu, wenyeji wa asili wa huko (hiyo herufi ŋ isome kama ng' ya ng'ombe). Mwimbaji ni Yirrŋa Yunupiŋu, mpiga gitaa ni Roy Kellaway. Baba yake Roy, Stuart Kellaway, alipiga besi katika Yothu Yindi, bendi iliyoongozwa na mjomba wake Yirrŋa, ile ya wimbo wa Treaty wa 1991, uliomkumbusha waziri mkuu Bob Hawke ahadi yake ya mwaka 1988 ya mkataba kati ya serikali na wenyeji wa nchi. Vijana hawa wamekua pamoja ndani ya muziki huo. Wanauita wao roki ya Yolŋu ya mawimbini, na kweli una bahari ndani yake: gitaa jepesi, la kukimbia, na chini yake yidaki, lile tarumbeta refu la mti, likivuma pamoja na bilma, vijiti vya kugonganisha. Maneno ni ya Kiyolŋu na Kiingereza, mara nyingi ndani ya wimbo mmoja, na humo mna manikay, nyimbo za jadi za koo ambazo ni za kale mno kuliko bendi yoyote.

Albamu yao ya kwanza, ya 2022, inaitwa King Stingray na ilishinda Tuzo ya Muziki ya Australia ya mwaka huo. Ya pili, For the Dreams, ilitoka Novemba 2024. Through the Trees ni wimbo wa furaha tupu, wa kufungua madirisha ya gari. Cat 5 (Cyclone) ni wa msimu wa vimbunga, na unachezeka kiasi kwamba unasahau kimbunga cha daraja la 5 kinafanya nini kwa nyumba za watu. Yirrŋa ana sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya pili. Anapohama kutoka Kiingereza kwenda lugha yake, sauti inashuka kifuani na kutulia, kama mtu aliyevua viatu.

Kiyolŋu sikijui hata neno. Lakini sisi tumecheza Franco na Mbilia Bel miaka nenda rudi, wengi wetu bila Kilingala cha kuombea maji, na hakuna aliyetuambia hatuelewi muziki ule. Yirrkala, kijiji cha watu hawa, ndiko kulikotoka mwaka 1963 maombi yaliyobandikwa kwenye magome ya mti na kupelekwa bungeni Canberra, yameandikwa kwa Kiyolŋu na Kiingereza, kupinga ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya mgodi wa boksiti. Na mwaka 2018 Djarimirri, albamu ya marehemu Gurrumul aliyewahi kuwa Yothu Yindi, ilifika namba 1 Australia, ya kwanza ya lugha ya wenyeji kufika hapo. Nikimsikia Yirrŋa akiimba kwa lugha yake katikati ya wimbo wa kurukaruka, nasikia mstari huo wote.

For the Dreams imenipa raha kuliko albamu nyingine yoyote kati ya hizi, ingawa ya Folk Bitch Trio imetengenezwa kwa ustadi zaidi. Kama huwajui, anza na ile ya 2022, kwa Get Me Out na Milkumana, kisha uje kwenye hii. Nikiwa na neno kwao, ni kwamba kwenye hii ya pili prodyuza ameng'arisha kila kona, na kuna nyimbo ambazo yidaki imezamishwa mpaka inakuwa kama besi ya kawaida. Kwa ya tatu naomba waiache ivume mbele, na Kiyolŋu kishike wimbo mzima kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nitailipia siku hiyo hiyo itakapotoka.