Semina ya mawasiliano kazini hapa Mtwara: uzoefu wangu

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye ghala kuu la korosho, Mtwara Mjini. Mwajiri alitulipia semina fupi ya mawasiliano kazini, ikafanyika kwenye ukumbi mmoja wa Shangani mwishoni mwa Agosti. Wakati huo ulichaguliwa vizuri. Msimu ukishafunguliwa Oktoba na minada ikaanza kufuatana, hakuna mtu wa ghalani utakayempata akae kitini asubuhi nzima. Kuna wenzangu wa vyama vya msingi vya ushirika wananiuliza kama inafaa walipie watu wao. Kwangu inafaa kwa mambo mawili tu, igizo dhima, yaani kuigiza tukio la kazini, na zoezi la kurudia maagizo. Mengine yote yangeweza kuachwa tukawahi nyumbani.

Nianze na yaliyonichosha. Makabrasha yote yalikuwa ya Kiingereza ilhali mazungumzo ni Kiswahili mwanzo mwisho, kwa hiyo wengi wetu tuliyatumia kujipepea. Halafu mwezeshaji akaandika kwenye bango kitita zile namba maarufu: maneno asilimia 7, sauti 38, uso na mwili 55. Tukaambiwa ndivyo binadamu anavyowasiliana. Sivyo. Namba hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, nayo yalihusu hisia tu: mtu akikwambia anakupenda huku kanuna, utaamini kipi? Mehrabian mwenyewe amekwisha kusema hazihusu mazungumzo yote. Na hata usiposoma popote, fikiria tu: mkulima kaja na gari la magunia, korosho zina unyevu, nimweleze kwa kukunja uso?

La kutazamana machoni nalo lilizua mjadala. Tuliambiwa anayekwepa macho anaonekana mwongo. Dada mmoja wa Newala akauliza, je, akiwa mbele yake mzee wa umri wa baba yake, amkodolee? Mwezeshaji akacheka, akasema mambo yanabadilika. Huku kwetu hayajabadilika kiasi hicho. Binti akimkazia macho mzee huku anamwambia mzigo wake haupokelewi, hapo ugomvi umeshaanza kabla ya mzani kusoma kilo.

Igizo dhima ndilo lililoamsha ukumbi. Mzee mmoja, kiongozi wa chama cha msingi, alipewa kuigiza mkulima aliyekataliwa korosho. Nadhani hakuwa anaigiza, maana amesimama kwenye mzani maisha yake yote. Kijana wa ofisi akamwambia, "Mzee, mzigo wako haujakidhi vigezo vya ubora."

"Vigezo gani?"

"Vya ubora, mzee."

"Ndiyo, mwanangu. Nionyeshe."

Kijana akabaki kupekua karatasi. Ukumbi ukacheka, ila mimi sikucheka sana kwa sababu ndivyo tunavyoongea kila msimu. Ukiwa na fomu mkononi, lugha ya fomu inakutoka yenyewe. Mwezeshaji, hapa nampa haki yake, hakuhubiri. Alimrudisha yule kijana aanze upya kwa kanuni nyepesi: sema unachokiona, sema kinachotakiwa kufanyika, kisha muulize mwenzako kaelewa nini. Mara ya pili ikawa hivi:

"Shikamoo babu. Chukua hizi mkononi, zitikise. Unasikia? Hazilii, bado mbichi ndani. Tukizipokea zitaota ukungu ghalani na bei itashuka. Zianike tena, ukizirudisha nitapima wewe ukiwa umesimama hapa hapa. Sasa babu, ukifika nyumbani utafanyaje?"

Mzee akajibu kwamba ataanika, na akaongeza la kwake: mwaka huu hataanika chini kwenye mchanga, atatandika turubai. Hilo la turubai hakuna aliyekuwa amemwambia.

Zoezi la pili, lile la kurudia maagizo, lilianza na kisa cha ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, ya tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Rubani wa KLM alidhani ameruhusiwa kuruka. Mwongozaji wa ndege alijibu "OK", akaendelea kumwambia asubiri, lakini maneno hayo yakagongana hewani na ya Pan Am na hayakusikika vizuri. Baada ya hapo taratibu za redioni zikabanwa zaidi: agizo la kuingia njiani au kuruka lazima rubani alirudie, kuitikia tu hakukubaliki.

Ghalani hatugonganishi ndege, ila tunalo tatizo la magunia ya chama kimoja kupangwa kwenye rundo la chama kingine. Stakabadhi zinakwenda kwa jina la chama, mnada unafuata stakabadhi, na malipo yanafuata mnada. Magunia yakichanganyika, kuna kijiji kitakaa kinangoja hela huku viongozi wake wanaitwa wezi. Na ukifuatilia chanzo chake, mara nyingi ni mtu kasema "haya, sawa" akaondoka. Siku hizi nikitoa agizo, kuli au mpanga magunia anarudia: chama gani, magunia mangapi, rundo lipi. Inachukua muda mfupi kuliko kufungua kalamu.

Mwanzoni wakubwa kwa umri walikasirika, "unanifanya mtoto wa shule?" Semina haikutupa jibu la hilo. Dawa aliileta mwenzetu wa Tandahimba wakati wa chai: usimwambie mtu arudie, mwambie, "Kaka, nisije nikawa nimekosea mimi, hebu niambie nimesemaje." Mzigo unaubeba wewe, yeye heshima yake inabaki. Kwa maoni yangu angelipwa yeye.

Jambo jingine ni nani aliyealikwa. Ukumbi ulijaa makarani, wahasibu na mameneja. Makuli na madereva wa malori, ambao ndio wanaopokea maagizo kutwa, hawakuwepo hata mmoja. Na ufuatiliaji tulioahidiwa katikati ya msimu haukufanyika. Vyeti vilikuja, watu hawakuja.

Kama chama chako kinataka kulipia, ombeni kwanza ratiba na muione, mdai makabrasha ya Kiswahili, na muulize igizo dhima limepewa muda gani. Mwajiri wetu anafikiria kuirudia kabla ya msimu ujao. Nimeshapeleka majina ya makuli wanne wa zamu ya asubuhi, na meneja ameniuliza posho yao itatoka fungu gani.