Vifaa vya Kujifunzia Kichina Peke Yako Nairobi: Kagua Alama za Toni Kabla ya Kuuliza Bei

Katika miezi ya karibuni nimepokea malalamiko kutoka kwa wasomaji ambao hawajuani, lakini kilio chao ni kimoja: walinunua kitabu cha Kichina katikati ya jiji, wakakisoma kwa bidii usiku baada ya kazi, kisha Mchina wa kwanza waliyezungumza naye akabaki kuwakodolea macho. Mmoja wao ni mfanyabiashara wa Kamukunji ambaye huagiza vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou na ambaye alitaka kuacha kumtegemea mkalimani. Nilimwomba anipigie picha ukurasa mmoja tu wa kitabu hicho, na picha ilipofika sikuhitaji maelezo zaidi. Kilikuwa fotokopi ya fotokopi, na juu ya kila irabu, mahali palipostahili alama ya toni, yaani ya kupanda au kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, palikuwa na doa jeusi lisilo na umbo. Neno mǎi, yaani kununua, na neno mài, yaani kuuza, yalionekana sawa kabisa. Kwa mtu anayekwenda kupatana bei, hiyo si kasoro ndogo.

Kwa sababu hiyo sitapoteza muda kueleza idadi ya kurasa, uzuri wa picha au wingi wa mazoezi, kwani hayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuulizwa. Nitavipanga vifaa hivi kwa kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakikumbuki: je, kifaa kinakuonyesha na kukusikilizisha toni bila utata?

Kichina sanifu kina toni nne pamoja na nyingine hafifu isiyowekewa alama, na pinyin, mfumo wa kukiandika kwa herufi za Kilatini uliopitishwa na serikali ya China mwaka 1958, huzionyesha toni hizo kwa vialama vidogo juu ya irabu: mstari ulionyooka, mstari unaopanda, kijipembe kinachoshuka kisha kupanda, na mstari unaoshuka. Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na alama isipoonekana, ulimi hurudi kwenye mazoea hayo bila kutuomba ruhusa. Wenzetu wanaosoma Kikuyu au Kikamba wana mtego wao pia. Lugha zao zina toni, na hilo ni jambo la kuwafaa, lakini alama wanazozijua juu ya ĩ na ũ huonyesha aina ya irabu na si toni, tena watu wengi huziacha wanapoandika kwa simu na bado wanaelewana. Mtu aliyelelewa hivyo hushawishika kuamini kwamba alama za pinyin nazo ni mapambo.

Kuna kipimo rahisi cha kufanya dukani. Ukishika kitabu cha ngazi ya kwanza, tafuta neno nǚ'ér, yaani binti. Herufi yake ya pili ina nukta mbili, na juu ya nukta hizo kuna kijipembe cha toni ya tatu. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kuharibika mashine ya fotokopi inapochoka wino: nukta hushikana na kijipembe na vyote vikawa kifungo kimoja cheusi. Kwa kitabu cha ngazi ya pili tafuta lǚyóu, yaani kutalii. Ukiweza kuzitenganisha nukta na kijipembe kwa macho matupu, ukiwa umesimama penye mwanga wa kawaida, basi kitabu hicho kinasomeka. Ukilazimika kuwasha tochi ya simu, kirudishe.

Tazama pia umbo la kijipembe chenyewe. Alama ya toni ya tatu ina ncha kali chini, kama herufi V. Baadhi ya chati za ukutani na kadi zinazouzwa kwa wazazi huweka mahali pake alama ya mviringo, kama bakuli, kwa kuwa aliyezichapisha alitumia fonti ya kompyuta isiyo na alama sahihi. Bakuli lenyewe halitakupotosha sana, lakini mchapishaji asiyeona tofauti hiyo huenda hakuona makosa mengine makubwa zaidi, na mimi chati za namna hiyo sizinunui hata zikiwa za bei ya kutupa.

Nafasi ya kwanza naipa Pleco, na sitajifanya kwamba sina upendeleo. Pleco ni kamusi ya simu ambayo hupakuliwa bila malipo, hufanya kazi bila intaneti, na hupaka kila toni rangi yake, kiasi kwamba hata jicho lililochoka ndani ya matatu ya jioni haliwezi kuchanganya toni ya tatu na ya nne. Unaweza kutafuta neno kwa kuandika mai3 au mai4, tarakimu ikiwa namba ya toni, au kwa kuichora herufi ya Kichina kwa kidole usipojua inavyosomwa, jambo linalofaa sana unaposimama mbele ya chupa ya mchuzi katika mojawapo ya maduka ya Wachina ya Kilimani. Viongezi vyake vya kulipia, vikiwemo sauti nyingi zaidi zilizorekodiwa na kamera inayosoma maandishi, hununuliwa mara moja na kuwa vyako. Hilo la kulipa mara moja ndilo linalonifanya niitetee kwa nguvu, kwani tumezungukwa na programu zinazokata pesa kila mwezi. Dosari yake ni kwamba maelezo yake ni ya Kiingereza, na kwa hilo haiko peke yake: karibu kila kifaa ninachokitaja hapa kinamchukulia mnunuzi kuwa ni msomaji wa Kiingereza. Ukiwa na shilingi chache tu za kutumia, anza na kiongezi cha sauti kabla ya kingine chochote.

Nafasi ya pili ni ya mfululizo wa vitabu vya HSK Standard Course (HSK ni mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni), uliotolewa na Beijing Language and Culture University Press, kwa sharti kwamba ni chapa halisi. Nakala halisi ina alama safi zinazopita kipimo cha nǚ'ér bila taabu, na ina rekodi ya kila mazungumzo. Vitabu hivi pia hueleza jambo ambalo mwanafunzi wa peke yake hawezi kuligundua kwa kusoma tu, nalo ni kwamba toni hubadilika maneno yanapokutana. Salamu ya nǐ hǎo huandikwa kwa toni ya tatu mara mbili, lakini katika kusema neno la kwanza hupanda kama toni ya pili. Asiyeambiwa hilo atasikiliza rekodi, aone haifanani na maandishi, aanze kuyashuku masikio yake.

Kabla ya kulipa, kagua sauti yenyewe inakujaje. Chapa za zamani zilikuja na sidii, na kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina pa kuiingiza. Chapa za baadaye zina msimbo wa kuskani kwa simu. Skani msimbo huo ukiwa bado dukani. Katika fotokopi msimbo hupotea pamoja na alama za toni, kwa hiyo mnunuzi hupoteza kile anachokiona na kile ambacho angekisikia, vyote kwa mpigo mmoja.

Jambo la pili la kuangalia ni mtihani unaoulenga. Vitabu hivi viliandikwa kwa mpangilio wa ngazi sita, ambapo ngazi ya kwanza ilidai maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600 na ya nne 1,200. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2021 vina ngazi tisa, na ngazi ya kwanza peke yake ilipangiwa maneno 500. Anayesoma kwa ajili ya biashara hana haja ya kujali, lakini anayetaka cheti kwa ajili ya ufadhili wa masomo aulize kituo cha mtihani ni mpangilio upi unaotumika kabla hajanunua vitabu vya ngazi tatu kwa pamoja. Ikumbukwe pia kwamba katika mpangilio wa ngazi sita, karatasi za ngazi ya kwanza na ya pili huwa na pinyin, na kuanzia ngazi ya tatu pinyin huondolewa, zikabaki herufi za Kichina peke yake. Kwa hiyo aliyekariri maneno pamoja na madoa meusi anafika ngazi ya tatu bila herufi kichwani na bila toni mdomoni.

Hapa niruhusiwe kusema na wauzaji. Nimesimama kwenye vibanda na maduka ya kati ya Tom Mboya na River Road, na mtindo ni uleule: kitabu kimefungwa ndani ya nailoni, jalada lake limechapishwa kwa rangi maridadi, na ukiomba kukifungua unaambiwa, "Dada, hicho ni orijino kabisa, lakini ukikifungua umekinunua." Jalada la rangi si ushahidi wa chochote, kwani jalada ndilo rahisi kulichapisha vizuri. Bei nayo hutajwa baada ya kukutazama viatu, na mara nyingi fotokopi huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya kitabu halisi, huku risiti ikiwa na yale maneno tunayoyajua sote, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, lakini ni nani atakayefunga safari ya kushtaki kwa sababu ya kitabu kimoja? Sina ugomvi na mwanafunzi anayerudufu kurasa chache za kitabu cha mwenzake kwa sababu hana uwezo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza doa jeusi kwa bei ya alama. Muuzaji akikataa kufungua nailoni, mwambie akuonyeshe nakala nyingine iliyo wazi. Akikataa na hilo, shukuru uondoke.

Nafasi ya tatu ni Anki, programu ya kadi za kukariria. Ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, ila wenye iPhone hulipa dola 24.99, mara moja. Ubora wake unategemea kadi unazopakua, na kadi zisizo na sauti nashauri uzifute bila huruma. Kadi nyingine huandika toni kwa tarakimu, kama mai3, na watu huziona mbaya. Mimi naziona salama, kwa sababu tarakimu ni vigumu kufifia ikakosa kusomeka. Mwenzako akisisitiza kutumia fotokopi, angalau mshauri aandike tarakimu za toni kwa kalamu kando ya kila neno jipya, akizitoa kwenye Pleco.

Baada ya hapo zinakuja hadithi zilizorahisishwa. Du Chinese na The Chairman's Bao zina usomaji wa ngazi mbalimbali pamoja na sauti, na zote mbili zinakuruhusu kusikiliza huku ukifuata maandishi. Ni nzuri, lakini ni za usajili kwa dola, na shilingi yetu ikiyumba wewe ndiye unayelipa tofauti. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, weka pesa za kipindi kimoja tu, kwa kuwa usajili hujihuisha wenyewe wakati wewe umeshasahau. Usizinunue kabla ya kukamilisha vitabu viwili vya mwanzo. Kabla ya hapo utakuwa unalipia kutazama.

Integrated Chinese ya Cheng & Tsui ni kozi imara yenye maelezo marefu ya sarufi, ingawa iliandaliwa kwa ajili ya darasa na bei yake haiwezi kuwa rahisi. Anayeiagiza ahakikishe anapata toleo la herufi zilizorahisishwa, zinazotumika China bara na Singapore, kwa sababu kuna toleo jingine la herufi za jadi, zinazotumika Taiwan na Hong Kong, na majalada yanaweza kumchanganya mtu mwenye haraka.

Kuhusu kuandika kwa mkono, programu ya Skritter hufundisha vizuri mpangilio wa kuchora mistari ya kila herufi, na huomba malipo ya mara kwa mara. Mimi nashauri daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule linalouzwa katika kila duka la mtaani. Chukua miraba minne kwa kila herufi, na tayari una kisanduku kilichogawanywa kwa msalaba katikati, sawa na kile cha madaftari ya watoto wa China.

Duolingo na HelloChinese ni za kupasha mdomo moto. Zitumie bure na usizilipie. "Vifurushi vya Kichina" vinavyouzwa kwa WhatsApp ni mafaili ya wizi, na mara nyingi yametoka kwenye fotokopi zilezile. Anayeweza kufika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika, ana njia nyingine, lakini mwongozo huu ni wa wale ambao ratiba zao hazikubali darasa.

Neno la mwisho kwa wanaokaribia ngazi ya nne: kuanzia hapo kila ngazi ya HSK Standard Course imegawanywa katika vitabu viwili vya masomo, mbali na vile vya mazoezi. Muuzaji atakupa cha kwanza na kukiita ngazi nzima, au atakuuzia cha pili kwa kuwa ndicho alichobaki nacho. Angalia jaladani kama kimeandikwa 上, yaani cha juu, ambacho ndicho cha kwanza, au 下, cha chini, ambacho hufuata, na usikubali kulipia kimoja bei ya viwili.