Programu ya kuhariri picha kwa anayeanza: tano kwa mpangilio, kuanzia ile inayosamehe

Anayeanza kuhariri picha huuliza programu ipi ina nguvu kuliko zote. Mimi ningeuliza ipi inasamehe. Utakosea, tena sana: utaongeza rangi mpaka ngozi iwe ya chungwa, utakata pembeni na kuondoa mkono uliobeba maana yote ya picha. Inayokufaa ni ile inayokuruhusu kurudi nyuma na kupunguza ulichozidisha, huku picha ya awali ikibaki salama. Nilipoanza sikulijua hilo. Kwa mwezi mzima nilihifadhi mabadiliko juu ya picha zenyewe, na leo sina njia ya kuzipata zilivyokuwa. Ndiyo maana nimezipanga hizi kwa kipimo hicho, si kwa wingi wa zana.

1. Snapseed. Kama unapiga picha kwa simu, anza hapa. Ni ya Google, ni ya bure, haina matangazo, na ipo kwa Android na iPhone. Kila unachofanya kinaandikwa kama hatua. Ukiwa umefika hatua ya sita ukagundua ya pili ilizidi, unaifungua hiyo ya pili peke yake na kuirekebisha; zilizofuata hazipotei. Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba unaweza kuweka alama usoni mwa mtu, ukateleza kidole, na uso tu ukapata mwangaza bila kugusa anga nyuma yake. Kwa zana hiyo moja utaelewa mwanga haraka kuliko kwa vichujio mia vya kubonyeza mara moja.

2. Lightroom ya simu. Haigusi kabisa picha ya awali: inahifadhi maelekezo ya mabadiliko, kisha unatoa nakala mpya. Sehemu ya bure inatosha kujifunzia mwangaza, vivuli na rangi. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu baadhi ya zana zimefungwa mpaka ulipie, na anayeanza hushawishika kulipa kabla hajajua anachokihitaji. Usikubali haraka hivyo.

3. Photopea. Hii ni ya kompyuta, lakini huhitaji kusakinisha chochote. Inafunguka ndani ya kivinjari. Picha unayoifungua kutoka kwenye kompyuta yako inahaririwa humo humo, haipelekwi kwenye seva yao. Inasoma faili za PSD, yaani zile za Photoshop, na mpangilio wake unafanana na wa Photoshop, kwa hiyo ulichojifunza hapa utahama nacho. Matangazo ya pembeni yanakera kwenye skrini ndogo.

4. GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo ni bure kwa Windows, Mac na Linux. Naiheshimu mno, ila simpi mgeni kama programu yake ya kwanza. Kwa miaka mingi, ukiweka madoido yalikuwa yanaganda kwenye tabaka la picha, yaani moja ya karatasi angavu zinazopangwa juu kwa juu kuijenga picha. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, ndilo lililowezesha kuyarekebisha baadaye. Basi usichukue toleo la zamani. Jua pia kwamba ukihifadhi kwa njia ya kawaida unapata faili ya XCF, ambayo programu nyingi haziifungui. Ukitaka JPEG ya kumtumia mtu, tumia amri ya kusafirisha. Itunze XCF, kwa kuwa ndiyo yenye matabaka yako yote.

5. Photoshop. Ipo tangu 1990, na masomo yake yamejaa kila mahali. Lakini tangu 2013 Adobe imeielekeza kwenye usajili wa kulipia, na ukiacha kulipa, programu inafungwa. Mtu anayehariri picha chache kwa mwezi hana sababu ya kubeba mzigo huo. Na nakala za wizi tafadhali ziache, zinajulikana kwa kubeba virusi.

Mpangilio huu unabadilika kama una kamera na unapiga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG. Faili ya JPEG ina ngazi 256 za kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, na ndiyo maana kivuli cheusi kwenye RAW huweza kuinuliwa kikaonyesha kilichomo. Hapo jifunze darktable, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure na haigusi faili ya awali. Vumilia wiki za kwanza, maana vidhibiti vyake ni vingi.

Ukishindwa kuchagua kati ya mbili, chukua picha moja ngumu: mtu amekaa mbele ya dirisha, uso wake umo kivulini. Ihariri katika zote mbili, inua uso bila kuunguza dirisha. Ziache zilale. Kesho yake zitazame tena kwa macho mapya. Karibu hakika utaona umezidisha mahali. Jaribu kupunguza hapo tu. Itakayokufikisha bila kukulazimisha kuanza upya, baki nayo.