Insulini ya Mama baharini: uzoefu wangu na friji ya chumbani, friji ya dawa na mfuko wa maji

Kipimajoto kilisoma 13.6. Nikakitoa, nikakifuta kwa upindo wa kanga ya Mama, nikakirudisha ndani ya friji na kusubiri nusu saa. 13.4. Chupa za insulini za Mama bado zilikuwa kwenye deli dogo la barafu tulilotoka nalo nyumbani Houston, barafu yenyewe imeshalainika, na meli imeshaiacha bandari ya Galveston. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ile friji ya chumbani niliyoitegemea ilikuwa imepitiliza kwa nyuzi tano na zaidi.

Mama ana miaka 68, anaishi Tanga, ana kisukari, na anachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, mara mbili kwa siku: yuniti 30 kabla ya chai ya asubuhi na 18 kabla ya chakula cha usiku. Alikuja kunitembelea kwa miezi mitatu, na Agosti 2025 nikamkatia tiketi ya meli ya kitalii, siku saba, hadi Roatán kule Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel za Mexico, na kurudi. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kwa yuniti 48 kwa siku inamfikisha siku 20. Kwa hiyo safari ya wiki moja ilihitaji chupa moja tu, tena ile aliyokwisha kuifungua, lakini nilibeba na nyingine nne ambazo hazijaguswa.

Sababu ni kimbunga Beryl. Kilipopiga Houston Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na kwangu giza lilikaa siku tano. Kila kilichokuwa kwenye friji nilikitupa. Agosti ni katikati ya msimu wa vimbunga, na sikuwa tayari kuiacha dawa ya Mama katika nyumba tupu ambayo umeme ukikatika hakuna wa kujua. Kumwachia jirani nako hakusaidii, jirani yuko kwenye umeme uleule.

Sasa friji ya chumbani. Ni kijifriji kilichowekwa ndani ya kabati chini ya runinga, kimejaa soda na maji ya kuuza. Ukiweka sikio husikii mota, kwa sababu mara nyingi vijifriji vya namna hii havina mota kama ya friji ya nyumbani. Vinachoweza ni kushusha joto kiasi fulani chini ya joto la pale vilipo, na kikifungiwa kabatini pasipo hewa kinazungukwa na joto lake lenyewe. Kwa soda hakina kasoro. Kwa chupa ya insulini ambayo bado ina mihuri yake, sikitaki. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kwenye picha za tangazo kimeandikwa friji, na mtu asiyebeba kipimajoto ataweka dawa pale, atashika chupa ataona ina ubaridi, ataridhika. Mkono hauwezi kutofautisha nyuzi 13 na nyuzi 6.

Mimi nilijua nahitaji friji ya dawa. Nilijaza fomu ya abiria wenye mahitaji maalumu wiki sita kabla ya safari, nikajibiwa kwamba itakuwa imewekwa chumbani tukifika. Haikuwepo. Nilikwenda dawati la wageni mara mbili, mara ya pili nikiwa na barua yao mkononi, na friji ikaletwa saa 3 usiku. Kampuni siitaji. Ninalotaka ulifahamu ni kwamba barua ile niliyoichapisha kwenye karatasi ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu dada wa zamu hakuona ombi langu kwenye kompyuta yake. Simu yangu wakati huo haikuwa na mtandao hata kidogo. Mhudumu wa chumba chetu, kijana Mfilipino mwenye adabu sana, ndiye aliyeibeba friji mwenyewe, akatafuta soketi, akauliza jina la Mama ili aandike kikaratasi cha kuwazuia wenzake wasiichomoe wakati wa usafi. Kwa huyu sina maneno ya kutosha.

Friji ya dawa ni friji kweli, ina mota, inanguruma kidogo usiku. Haikutozwa senti. Lakini hapo ndipo nusura tupate hasara kubwa kuliko ile ya joto. Aliyeileta alikizungusha kitufe cha baridi hadi mwisho ili ipoe haraka, nami kwa uchovu sikukigusa. Saa 11 alfajiri Mama alipoamka kuswali, akaniamsha: "Mwanangu, hebu njoo usome hiki kidude chako." Kipimajoto changu kinahifadhi kiwango cha chini na cha juu kabisa tangu ukiwashe. Cha chini kilikuwa 0.8.

Wengi tunaogopa joto tu. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka tena na ikaonekana nzuri, ni ya kutupa. Joto huila taratibu, barafu huimaliza kwa mara moja. Tulikaa kitandani mimi na Mama tukazitoa chupa moja moja. Zilikuwa ndani ya maboksi yake, nimezizungushia taulo, katikati ya rafu na si nyuma penye bati linalogandisha, hilo liliziokoa. Kichupa cha maji nilichokilaza kando yake hakikuwa na hata ukoko wa barafu. Mama akaviringisha kila chupa kati ya viganja, polepole, namna alivyofundishwa kliniki. Ya mchanganyiko ikiwa nzima inakuwa nyeupe kama maziwa, rangi moja juu hadi chini. Ikiharibika utaona mabonge, au chembe zimeganda ukutani mwa kioo na hazichanganyiki. Zote nne zilikuwa sawa. Nikarudisha kitufe kwenye 2, nikazisogeza karibu na mlango, na kuanzia siku hiyo hadi tunashuka joto lilicheza kati ya 4 na 6.

Ile chupa aliyoifungua hatukuiweka huko kabisa. Ilikaa juu ya meza, mbali na dirisha, chumba kikiwa nyuzi 22. Insulini ikishafunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki kadhaa, nne kwa aina nyingi, na kikomo chake kimeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Isome ya kwako, maana aina hazifanani. Tena ikiwa baridi huuma zaidi inapochomwa, hilo Mama atakuapia.

Kwa ajili ya kushuka nchi kavu nilinunua mfuko wa kupozea kwa maji, ule wa kitambaa wenye chembechembe ndani. Unaulowesha dakika chache, chembe zinavimba na kuwa jeli, unaufuta, unatia chupa. Hauhitaji umeme wala barafu. Kadiri maji yanavyokauka juu ya kitambaa ndivyo ndani panavyopoa. Roatán tulishuka saa 4 asubuhi, joto kivulini nyuzi 32, hewa nzito kama ya Tanga mwezi wa Machi. Niliuzamisha mfuko chini kabisa ya begi la mgongoni, nikafunga zipu. Baada ya saa moja kipimajoto cha ndani kilisoma 30. Nikaanza kulalamika kwamba nimetupa pesa.

Mama akaushika, akaugeuzageuza, akanusa. "Huu si mtungi huu?" Nikasema ni mfuko. "Ni mtungi wa kitambaa. Sasa mtungi unauweka kabatini? Mtungi unakaa penye upepo." Akaufungulia kamba, akauning'iniza nje ya begi upande wa kivuli, nasi tukaendelea kutembea ufukweni. Dakika arobaini baadaye ulisoma 27. Kesho yake Costa Maya, penye upepo mzuri wa bahari, ulishuka hadi 25. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mfuko huu ni hii: ni mzuri kwa chupa au kalamu unayoitumia, kwa mchana mmoja, ukiwa nje penye hewa. Penye unyevunyevu mwingi usitarajie maajabu, maji hayakauki upesi. Na kwa chupa ambazo hazijafunguliwa haufai, hauwezi kukufikishia nyuzi 8.

Mama ana haki ya kujua habari za mitungi. Miaka ile tulipokuwa Muheza nyumba yetu haikuwa na umeme, na insulini yake ilikaa ndani ya mkebe mkavu, mkebe ndani ya mtungi, mtungi juu ya mchanga uliolowa, uani chini ya mwembe. Kwa miaka mingi alidhani alikuwa anajichoma dawa iliyokufa, akijilaumu kila sukari ilipopanda. Siku ile kwenye benchi la Roatán nikamweleza kuhusu utafiti wa MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa 2021. Walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ambako linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha maabara wakaiweka insulini katika joto hilohilo kwa wiki nne. Nguvu yake ilibaki. Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza kama wale watu wa Dadaab nao walikuwa na mitungi.

Sisemi kwa hilo kwamba uache kutafuta friji kama unaweza kuipata. Nasema tu kwa yule ambaye hana.

Mambo mengine ni machache. Dawa ibaki mkononi mwako tangu nyumbani: masanduku unayowapa wapagazi gatini yanafika chumbani baada ya saa nyingi, na huko nyuma yanakaa juani. Usiache deli garini hata dakika kumi ukienda kununua maji, gari la Texas mwezi wa Agosti ni tanuri. Barafu ya jeli isiguse chupa moja kwa moja. Boksi lenye karatasi ya duka la dawa, jina lako juu yake, lisitupwe. Kwenye ukaguzi hakuna aliyetusumbua. Kopo gumu la kutupia sindano zilizotumika niliomba kwa mhudumu na likaja siku hiyohiyo. Na saa ya simu isikuchanganye: Roatán wako nyuma ya Houston kwa saa moja wakati huo wa mwaka, simu yangu ikajibadilisha yenyewe, meli ikabaki na saa yake. Mama alichoma kwa saa ya meli kwa sababu chakula nacho kilipakuliwa kwa saa ya meli.

Ukiniuliza kipi ningenunua tena kati ya vyote, ni kipimajoto, na bei yake haikufika dola 20. Bila hicho ningeweka dawa kwenye nyuzi 13 na nisingejua, halafu ningeiweka karibu na sifuri na nisingejua vilevile. Nimenunua cha pili. Cha kwanza Mama ameondoka nacho, pamoja na mfuko.

Juzi amenitumia picha kutoka Tanga. Ana friji siku hizi, lakini umeme ulikatika tangu asubuhi, kwa hiyo ameutoa mtungi stoo, akaujaza mchanga na maji, akakitia kipimajoto ndani ya mkebe. Joto la ukumbini 31, la mkebeni 26. Chini ya picha ameandika: "Nimeuweka penye upepo."